Anaelewa Kila Kitu, Ila Haongei

Leo tuanze na maneno ambayo ukikaa nusu saa tu kwenye benchi la kliniki ya watoto lazima utayasikia. Mzazi anaulizwa mtoto ana shida gani, naye anajibu, "Huyu anaelewa kila kitu, ila haongei tu." Mtoto ana miaka mitatu na nusu. Ameshaambiwa ana usonji, au bado yuko njiani kuambiwa, na nyumba nzima imekodolea macho mdomo wake. Bibi anataka akatwe kile kigozi cha chini ya ulimi. Baba anasema kwao watoto wa kiume huchelewa. Shangazi ameshauri apelekwe shule mapema akachanganyike na wenzake. Mama ndiye anayeshinda naye kutwa akimbembeleza: sema maji, sema mama, sema bai.

Mimi naona tunaanzia mwisho. Kabla ya kuuliza lini ataongea, kuna swali lingine lililotangulia: katika maneno yote tunayommiminia tangu asubuhi, ni mangapi yanamfikia?

Unaweza kulipima hilo nyumbani, bila gharama. Saa ya kuoga ikifika, mama hubeba ndoo, anatupia taulo begani, anasema, "Haya baba, twende tukaoge." Mtoto anainuka na kuvua fulana. Ameelewa, sivyo? Basi kesho, saa ileile, kaa kwenye kiti, mikono mapajani. Ndoo ibaki ilipo. Usitupe jicho mlango wa bafu. Sema maneno yaleyale kwa sauti ileile, kisha unyamaze. Watoto wengi wenye usonji hapo hawatainuka. Kilichokuwa kikiwapa habari ni ndoo, taulo, jua lililofika ukutani, na mwili wa mama uliogeukia uani. Maneno yalikuwa yanapita tu.

Sisemi hivyo kumshusha mtoto. Kuisoma nyumba nzima bila msaada wa maneno ni akili, tena si haba. Tatizo linakuja siku utaratibu unapovunjika. Maji yamekatika, au pana msiba mtaa wa pili na wote wanatoka. Mama anaeleza vizuri kabisa, "Leo hatuogi sasa, tunakwenda kwa bibi kwanza." Mtoto haoni ndoo, haoni taulo, anaona anavalishwa viatu saa ya kuoga. Anapiga kelele, anajigonga kichwa. Sisi tunasema amedeka.

Lipo na kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi: kudhani kwamba asiyeongea haelewi chochote. Katika watoto wenye usonji, inakadiriwa kwamba kama asilimia 30 hufika umri wa shule wakiwa na maneno machache sana au hawana kabisa. Ndani ya kundi hilo wamo wanaoelewa kidogo na wamo wanaoelewa mengi, wengine hata habari za majirani zinazosimuliwa juu ya vichwa vyao. Kimya cha mdomo hakikuambii kilichomo ndani. Kwa hiyo tusikisie, tupime. Na kipimo cha kwanza ni cha masikio. Mtoto aliyeugua masikio mara kwa mara, yakatoa usaha, anaweza kuwa na usonji na usikivu hafifu kwa pamoja, na haifai kumhukumu kwa sauti ambazo hazikuwahi kumfika.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 aliowachunguza. Maandishi yale ndiyo yaliyoanza kuupa usonji sura tunayoijua leo. Mtoto wa kwanza katika orodha yake, Donald, alifundishwa na baba yake kusema "ndiyo" kwa njia ya kupendeza: ukisema ndiyo, nakubeba mabegani. Akajifunza. Lakini kwake "ndiyo" ikawa na maana hiyo tu, nibebe mabegani. Ilichukua miezi mingi neno lile kubanduka kwenye mabega ya baba na kuanza kutumika kwenye mambo mengine.

Mzazi anayenisikiliza atakuwa anatikisa kichwa. Anaye mtoto ambaye "kiatu" ni kile cha bluu alichonunuliwa Idi, basi. Cha baba hakina jina. Dawa yake si kurudia "kiatu, kiatu" mbele ya kile cha bluu. Neno linahitaji kutembezwa: kiatu cha mgeni mlangoni, kiatu kilicholowa mvua, viatu vilivyojaa kwenye ngazi za msikiti, kiatu kidogo cha mdoli. Mtoto mwingine hulitembeza neno mwenyewe. Huyu anataka kusindikizwa.

Kwa nini lakini? Mtoto anajifunzaje maneno hata iwe vigumu hivi kwa mwenziwe? Kwa kiasi kikubwa, kwa kufuata macho. Mtu mzima akitazama kitu na kutaja jina, mtoto hugeuza uso, akatazama anapotazama mkubwa, akaliunga neno na kitu hicho. Mwaka 1997 Simon Baron-Cohen na wenzake walichapisha jaribio la namna hii. Mtoto anashughulika na kitu chake. Mkubwa anatazama kitu kingine na kukitaja kwa jina ambalo mtoto hajawahi kulisikia. Baadaye mtoto anaulizwa, kipi ndicho hicho? Wengi wa watoto wenye usonji walionyesha kile walichokuwa wakikitazama wao wenyewe. Yaani neno walilipokea, wakalibandika pasipo pake.

Hapo pana funzo kubwa kuliko mazoezi yote ya ulimi. Ikiwa mtoto hafuati macho yako, wewe fuata yake. Tuseme ameketi jikoni, amechukua kifuniko cha sufuria, anakizungusha sakafuni. Yuko hapo robo saa sasa. Mzazi mwenye bidii atamnyang'anya, amketishe mezani, afungue kitabu cha picha: "Tazama, huyu ni nani? Ni simba! Sema simba." Mtoto macho yako kwenye kifuniko, masikio yanasikia simba. Unaweza kujua mwenyewe neno limekwenda kubandikwa wapi. Mzazi mwingine anachuchumaa, uso usawa wa uso wa mtoto. Anangoja. Kifuniko kikizunguka anasema, "Kinazunguka." Kikianguka kwa kishindo, "Kimeanguka!" Kisha kimya. Mtoto anakiinua, anakizungusha tena. "Kinazunguka." Mara ya nne au ya tano, kabla hajakizungusha, huenda akainua jicho nukta moja kuona kama mama atasema. Jicho hilo ni mavuno. Marian Sigman na Michael Siller, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wenye usonji ambao wazazi wao walizoea kuzungumzia kile mtoto anachokitazama, bila kumvuta kwingine, walikuja kuwa na lugha bora zaidi, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya miaka 10 na 16.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, maana ushauri mwingi unaofika kwetu umeandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Vitabu vinamwambia mzazi apunguze maneno, aseme mawili mawili, aondoe vikorombwezo. Kwa Kiingereza sawa. Kwetu ukikivua kitenzi viambishi vyake, kinachobaki ni amri. Ukimtazama mtoto anakula, ukaacha "anakula" ukasema "kula", hukueleza kitu, umeamrisha. "Mtoto anakula" ni maneno mawili tu, na sentensi imekamilika, haina haja ya kukatwa chochote. Tunachopaswa kupunguza ni ule msururu: "Haya baba njoo basi ule ugali wako kabla haujapoa halafu ndio tukanawe." Fupi, lakini Kiswahili kamili. Huo ndio ushauri wangu, na najua wapo wataalamu wanaovutana juu yake.

Kisha kuna makatazo. "Usimwage!" Katazo lote limo katika silabi moja katikati, "si", imepita kama upepo. Mtoto anayenasa vipande vya sauti amebaki na "mwage", na kikombe anacho mkononi. Ukimwambia, "Shika kikombe, mikono miwili," umempa la kufanya. Badala ya "usikimbie", "tembea". Badala ya "usipande hapo", "shuka". Jaribu siku moja kuhesabu ni mara ngapi unamwambia mwanao asifanye, na mara ngapi unamwambia afanye nini.

Na namna yetu ya kukanya! Sisi tuna amri ambazo maana yake ni kinyume chake. "Hebu rudia tena uone!" "Thubutu!" "Wewe gusa tu!" Mtoto wa kawaida husoma jicho na ukali wa sauti, akajua hapa pana kofi. Mtoto anayechukua maneno kama yalivyo ameambiwa arudie, tena kwa mkazo. Anarudia. Anachapwa. Jioni anasimuliwa kwa baba yake kuwa ni mkaidi. Mtu anayetoka anasema "nakuja" huku amempa mtoto mgongo. Mwenye nyumba anasema "mbona mlango uko wazi?" na anatarajia mtu ainuke akaufunge. Hatuwezi kuacha kuongea hivyo. Ndiyo raha ya maongezi yetu, na watu wa mwambao wakinyimwa mafumbo watakosa cha kusema. Lakini kwa mtoto huyu, kwanza iwe wazi: "Funga mlango." Mafumbo atafundishwa baadaye, moja moja, kama mtu anavyofundishwa sheria za bao.

Kuna jambo jingine dogo ambalo silioni likitajwa. Kushtuka ukiitwa jina ni moja ya alama ambazo waganga wa watoto huzitazama mapema, tangu mtoto anapokaribia mwaka mmoja. Sasa mfikirie Asha katika nyumba ya Kiswahili. Tangu alfajiri anasikia "Mama Asha, chumvi ipo?" "Baba Asha amerudi?" "Hodi kwa Mama Asha!" Jina lake linaitwa mara kadhaa kwa siku na hakuna hata mara moja anayeitwa yeye. Yeye mwenyewe anaitwa "mama", au "mamii", kwa mapenzi. Kaka yake anaitwa "baba". Watoto wengi wanapenya katika msitu huo bila kuchubuka. Kwa mtoto anayepata tabu kuunga sauti na maana, chagueni jina moja, nyumba nzima mlitumie, na kila likiitwa kuwe na kitu kinachofuata kinachomhusu: tende, kurushwa juu, wimbo anaoupenda. Msilitumie kwa kumgombeza tu.

Nigusie mwangwi, yaani mtoto kurudisha maneno kama alivyoyasikia, maana wengi wananiuliza. Mgeni ameingia. Mama anamwambia mtoto, "Sema shikamoo." Mtoto anajibu kwa sauti safi kabisa, "Sema shikamoo." Watu wanacheka, mama anaona haya. Au anaulizwa "Unataka chai?" naye anasema "Unataka chai," na kikombe anakitolea macho. Kwa miaka mingi tabia hii ilichukuliwa kuwa kelele za kuzimwa. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walichambua mwangwi wa watoto 4, wakakuta si kelele: walihesabu kazi 7 tofauti, pamoja na kukubali, kuomba, na kushika zamu katika mazungumzo. "Unataka chai" ya mtoto huyu ni "ndiyo, nipe".

Lakini mwangwi unatuambia na kitu kingine, kwamba sentensi ameichukua nzima nzima bila kuifungua. Hajajua kuwa "u" ni wewe na "ni" ni mimi, na kwamba vinabadilishana kila anayesema anapobadilika. Ukimsahihisha, "Hapana, sema nataka chai," atakurudishia "sema nataka chai". Afadhali umwazime kinywa: kikombe kiko mkononi mwako, anakitazama, sema kama ambavyo angesema yeye, "Nataka chai," umpe hapohapo. Na kwa shikamoo, baba mdogo au dada asimame nyuma yake na kuitoa yeye kwa niaba yake, bila ile "sema" ya mbele. Mgeni mwenye busara ataitikia "marahaba" akimtazama mtoto.

Maneno yanatoweka mara tu yakishasemwa, vitu hubaki. Ndiyo maana vitu na picha vinasaidia. Eric Schopler na wenzake wa North Carolina waliujenga mpango wao wa TEACCH, tangu mwaka 1972, juu ya wazo hilo: siku ya mtoto ipangwe aione. Hauhitaji mashine. Kata (ile ya kuchotea maji) mkononi, kisha "twende kuoga". Kandambili mkononi, kisha "twende nje". Siku maji yakikatika, kata inawekwa chini mbele yake, kandambili zinaletwa. Maneno sasa yana pa kushikia. Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kuongea. Utafiti wa miaka mingi juu ya picha na vibao vya mawasiliano haukukuta hivyo. Havizuii usemi, na kwa baadhi ya watoto usemi umeongezeka kidogo.

Ushauri ninaoupinga kwa nguvu ni ule wa "chagueni lugha moja". Familia iko Dar es Salaam, bibi amekuja kutoka Lushoto, anamlea mjukuu kwa Kisambaa. Anaambiwa aache, mtoto atachanganyikiwa. Bibi anajitahidi na Kiswahili cha kukopa, kisha anachoka na kunyamaza, na mtoto amepoteza mtu mmoja kati ya watatu wanaomsemesha. Catherine Hambly na Eric Fombonne, huko Montreal, Kanada, mwaka 2012 waliwalinganisha watoto wenye usonji waliolelewa kwa lugha mbili na waliolelewa kwa moja. Wa lugha mbili hawakuwa nyuma zaidi. Bibi na aendelee. Afuate macho ya mtoto, aseme kifupi, kwa Kisambaa chake kinachomtoka moyoni. Kiingereza cha katuni za simu, ambacho hakuna mtu nyumbani anayekijibu, hicho ndicho ningekitilia shaka.

Utauliza, na mtaalamu yuko wapi? Wataalamu wa tiba ya lugha na usemi katika Afrika Mashariki ni wachache. Mafunzo ya shahada ya fani hiyo katika ukanda wetu yalianza Makerere, Uganda, mwaka 2008. Ukisubiri foleni yao, miaka ya maana itapita. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoendeshwa na watu wasio mabingwa, na yamefanyiwa kazi Kenya na Ethiopia. Huko Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, wafanyakazi wa kawaida wa afya walifundishwa kuwaongoza wazazi kwa njia inayofanana, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: wazazi walijifunza kwenda na mwendo wa mtoto, na watoto wakaanza kuwasiliana wao wenyewe mara nyingi zaidi. Hakuna mtoto aliyegeuka msemaji kwa wiki chache. Anayekuahidi hilo ana kitu anachouza.

Hata hivyo mzazi mara nyingi hafiki huko mapema, kwa sababu amepita kwingine kwanza. Joseph Gona na wenzake, waliozungumza na wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya na kuchapisha mwaka 2015, walikuta mashetani, uchawi na laana vikitajwa miongoni mwa sababu za usonji, sambamba na sababu za kitabibu. Anayetaka kumwombea mtoto dua na aombe. Ila dua haimzuii mtu kuchuchumaa jikoni kando ya kifuniko cha sufuria.

Nimalizie kwa walimu, hasa wa darasa la kwanza. Najua darasa lina watoto themanini. Unasema, "Haya, nyote toeni madaftari." Mmoja amekaa. Huyu huenda hajui kwamba katika "nyote" naye yumo. Unamwambia, "Toa daftari." Amekaa. "Si nimesema utoe daftari? Daftari lako liko wapi? We, nasema na wewe!" Kwako ni amri moja umeikazia. Kwake ni habari nne mpya, na ya kwanza alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuifungua. Sogea karibu, gusa begi lake, mwite jina, sema mara moja, "Toa daftari," kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni ndefu, utaona. Ukirudia, rudia maneno yaleyale.

Na kama umemkalisha na mwenzake mpole ambaye akitoa daftari naye anatoa, ni vizuri sana, mwache hapo. Ila kwenye taarifa ya mwisho wa muhula usiandike "anafuata maagizo". Andika kwamba anamfuata jirani yake wa dawati, na jina la jirani ulitaje, maana mwalimu wa darasa la pili akija kuwatenganisha mwezi wa kwanza, atadhani ameletewa mtoto mwingine.